Teen Titans ya 2003 imeipita bede (hadithi ya picha) yake yenyewe. Mwenye kubisha aje

MzeeWaHimbi (Goma)

Salama wote. Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto, mvi zimeshaingia kwenye ndevu, na usiku nyumba ikilala nafungua kompyuta naangalia Teen Titans, katuni ya vijana watano mashujaa: Robin, Starfire, Cyborg, Raven na Beast Boy. Siyo hii ya sasa ya vichekesho, Teen Titans Go! Ile ya kwanza, iliyoanza Cartoon Network Julai 2003 ikaisha Januari 2006: misimu mitano, epizodi 65, na filamu moja ya Tokyo juu yake.

Bede nimesoma tangu nikiwa na kaptula. Titans wa Marv Wolfman na George Pérez, wale walioanza 1980, nawajua. Ila nasema bila woga: katuni imeipita bede, na kilichoipitisha ni anime, uchoraji wa katuni za Kijapani. Glen Murakami na wenzake walioitengeneza walichukua mashujaa wa Kimarekani wakawapa nyuso za Kijapani. Macho yanageuka nukta mbili, kichwa kinavimba kuliko mwili, tone moja la jasho linaning'inia kwenye paji la uso. Pérez na ufundi wake wote akichora Starfire amekasirika, unapata mwanamke mzuri aliyekunja uso. Katuni inakuchorea hasira yenyewe, mwanamke anapotea kabisa.

Nangoja wabishi.

Ngazi_za_Kadutu (Bukavu)

Mukubwa, mbele sijabisha niulize kwanza: mama watoto anajua unafanyaka nini usiku kwenye hiyo kompyuta?

MzeeWaHimbi

Anajua. Anasema heri Starfire kuliko nganda, yaani baa.

MwanaLushi (Lubumbashi)

Jambo yaya. Mi nabisha. Unasema ni anime tu, haya angalia msimu kwa msimu. Wa kwanza Robin na adui yake Slade. Wa pili Terra, msichana anayejiunga nao kisha anawasaliti. Wa tatu Cyborg na Brother Blood. Wa nne Raven na baba yake Trigon. Wa tano Beast Boy na Brotherhood of Evil. Kila msimu wanamkalisha mmoja kwenye kiti na kumpasua moyo polepole. Hiyo haiko macho makubwa, hiyo ni uandishi. Ondoa matone yote ya jasho, hadithi ya Raven inabaki imesimama: binti anajua toka kuzaliwa kwamba siku itafika yeye mwenyewe awe mlango wa baba yake kuingia duniani na kuiteketeza. Na anaendelea kunywa chai yake na kusoma vitabu vyake. Mtu mzima gani hataguswa?

Halafu Trigon hakutoka Japan. Ametoka kwa hao hao Wolfman na Pérez. Kwa hiyo bede haijapitwa, imekopwa na deni halijalipwa.

Kamalondo243 (Lubumbashi)

Mbona munasahau jenerike, wimbo wa mwanzo? Puffy AmiYumi! Wale dada wawili wa Japan. Mi sikujua hata katuni inahusu nini, nilisikia ile gita kwa jirani nikaruka ukuta. Ikiimbwa Kiingereza, jipange, kuna mambo mazito. Ikiimbwa Kijapani, leo tunacheka. Bila ile muziki mungelala wote.

DogoKatindo (Goma)

Wazee shikamoni. Si ndiyo maana ilichorwa kule kule Japan? Kwa hiyo siyo "ina mtindo wa anime", ni anime kamili, tusizunguke.

MwalimuNguba (Bukavu)

Habari zenu. DogoKatindo, hapana. Ilibuniwa Burbank, California, na michoro ya kutembea ilifanywa Korea Kusini, na studio kama Dong Woo na Lotto. Soma majina mwishoni mwa epizodi, usikimbilie kubonyeza inayofuata.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Batman ya 1992, ile yenye majengo marefu na anga jekundu, ambayo hakuna mtu anaiita anime, epizodi zake kadhaa zilichorwa Tokyo, kwenye studio ya TMS. Ile ambapo Clayface anageuka sura baada ya sura mbele ya televisheni nyingi? Kazi ya Wajapani. Kwa hiyo katuni yenye sura ya Kimarekani ilichorwa na mikono ya Kijapani, na yenye sura ya Kijapani ikachorwa na mikono ya Kikorea. Murakami mwenyewe alitoka kwenye timu ya hiyo Batman, chini ya Bruce Timm. Sasa mniambie mpaka uko wapi.

DogoKatindo

Mpaka uko Grande Barrière, pale Goma inapokutana na Rwanda, mwalimu 😂

Ngazi_za_Kadutu

Huyu mtoto afukuzwe.

RangiNaBurashi (Lubumbashi)

Mi ni mchoraji wa vibao, saluni na farmasi nyingi za komini za Kenya na Katuba hapa Lubumbashi zimepita mikononi mwangu. Nawaheshimu wote ila munaongea kama watu wa kuangalia tu. Wacha niseme kama mtu wa kushika burashi.

Pérez anajaza. Ukurasa wake mmoja una umati, kila mtu na misuli yake, kila jengo na madirisha yake. Vizuri sana, karatasi haitembei. Sasa jaribu kuutembeza huo ukurasa. Filamu ni picha 24 kwa sekunde moja. Hata ukichora moja ukaipiga mara mbili, bado unatakiwa michoro 12 kwa sekunde. Nani atachora kila dirisha mara 12? Wajapani, tangu mchoraji Tezuka na katuni yake Astro Boy ya 1963, walikuwa na pesa kidogo na muda kidogo, wakajifunza kupiga mchoro mmoja mara tatu, kuacha uso umesimama mdomo peke yake unaenda, kuweka mistari ya kasi nyuma ya mtu ambaye kwa kweli hajasogea hata kidole. Tunaita mtindo. Mwanzo wake ni njaa.

Murakami alichukua ile dawa ya njaa. Mwili wa Robin ukawa pembetatu chache, kapa, lile joho la mgongoni, ikawa kama kipande cha karatasi nyeusi. Ukipunguza mistari, kila mstari uliobaki unabeba uzito. Njo maana Raven akiinua nyusi moja tu chini ya kofia unaiona. Haiko Japan, haiko uandishi. Ni kupunguza.

Mi pia nilijaribu bede ya kwetu kwa njia hiyo, kondakta wa taksi-basi mwenye nguvu za umeme. Nilipochora misuli watu walipita. Nilipomfanya kichwa kikubwa na miguu mifupi, watoto wa mtaa walianza kuuliza kesho anafanya nini.

MzeeWaHimbi

RangiNaBurashi, unanipa haki halafu unasema unanikatalia. Kama dawa ya njaa ni ya Wajapani, basi ni anime. Aksanti kwa ushahidi.

Huyo kondakta tuwekee hapa tumuone.

MwalimuNguba

Polepole. Macho makubwa unayoyaita ya Kijapani, Tezuka aliyapata kwa kuangalia Disney na Betty Boop, na hakuficha. Marekani ilituma macho Japan, Japan ikayakuza, Murakami akayarudisha nyumbani. Ukiuliza ya nani, ni kama kitenge: kimetoka wapi hadi kikawa chetu?

Ngazi_za_Kadutu

Na wao wametuma vingine. 1978 Wajapani walichukua Spider-Man kwa ruhusa ya Marvel, wakampa gari la kuruka na LIROBOTI LIKUBWA. Spider-Man! Na roboti! Robot yenyewe inaitwa Leopardon. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani aliyeniwekea kwenye flashi amechanganya mafaili. Mwaka uliofuata studio ile ile, Toei, ikaweka roboti kubwa kwa wale mashujaa wa rangi rangi, na huko ndiko walikotoka Power Rangers wote wa utoto wetu.

Kamalondo243

Ngazi umetutoa Teen Titans umetupeleka Power Rangers, kesho utakuwa kwa Goldorak, lile roboti la katuni ya Kijapani.

Ngazi_za_Kadutu

Goldorak ni baba wa wote, Ufaransa ilisimama 1978 kwa sababu yake. Usimtaje bila kuvua kofia.

MamaWawili_Goma

Bonsoir. Nimesoma kimya kimya, sasa nasema.

Nyinyi wanaume mnapima mistari na studio. Mimi nilipenda ile nyumba. Vijana watano kwenye mnara wenye umbo la herufi T, hakuna mzazi, hakuna shule, hakuna jina la nyumbani. Mnaona kwamba Robin havui maski hata akila? Hakuna "mchana mimi ni mwanafunzi, usiku mimi ni shujaa". Wao ni hivyo hivyo asubuhi na jioni, wanagombania remote na nani ataosha vyombo. Katika bede Wolfman aliwapa wazazi, wachumba, vyumba vya kupanga, vyuo. Katuni iliondoa vyote ikabakiza watoto peke yao.

Baada ya lava ya volkano ya Nyiragongo, Januari 2002, nyumba yetu ya Birere ilikwisha. Wazazi walienda upande mmoja kutafuta, sisi tuliwekwa na binamu kwenye chumba kimoja, mkubwa wetu hakuwa amemaliza sekondari. Yule mkubwa alikuwa Robin kabisa: anapanga, anafoka, halali. Kulikuwa na mmoja wa kuchekesha, na mmoja aliyejifunika asiseme. Miaka mingi baadaye mwanangu akaweka ile katuni, nikakaa chini nikasahau sufuria motoni.

Na sasa tufike kwa Terra, maana mnamkwepa. Mwisho wa msimu wa pili volkano inafumuka chini ya mji, Terra anabaki peke yake kuizuia, na anageuka jiwe. Mnajua kuangalia hiyo ukiwa mtu wa Goma ni nini? Nilizima nikatoka nje.

MzeeWaHimbi

Mama, heshima yako. Hapo sina la kusema.

MwanaLushi

Pole sana mama. Ila umemtaja Terra, na hapo njo nagombana na katuni, mimi mwenyewe niliyeitetea.

Katika bede, The Judas Contract, 1984, Terra ni msaliti toka siku ya kwanza. Wasomaji walimzoea miezi na miezi, msichana mdogo mwenye meno ya mbele makubwa, wakadhani atakuwa dada mdogo wa kikundi. Kumbe ni mtu wa Deathstroke, yule adui ambaye katuni inamwita Slade. Na hatubu! Anakufa kwa hasira yake mwenyewe, anajiangushia mawe juu, mpaka dakika ya mwisho anawachukia. Wolfman na Pérez walijua tunangoja machozi, wakatunyima. Ile ilikuwa kofi.

Katuni ikampa huruma. Hawezi kudhibiti nguvu zake, anaogopa, Slade anamnasa kwenye uoga huo, baadaye anajuta, anaokoa mji, anajengewa kibao kwamba alikuwa rafiki wa kweli. Nzuri, inaliza. Ila ni nyepesi zaidi. Hata jina Deathstroke walilikata, akabaki Slade tu, kwa sababu kulikuwa na neno la kifo mbele ya watoto. Kwa hiyo yaya Himbi, kwenye Terra bede inakushinda.

RangiNaBurashi

Haiko nyepesi. Msaliti asiyetubu ni rahisi kumchora, unamwekea tu tabasamu baya. Mtu anayesaliti na kulia, jaribu.

MwalimuNguba

Nakubaliana na MwanaLushi nusu. Kwenye bede tunadanganywa pamoja na Titans. Kwenye katuni tunaumia pamoja na Beast Boy. Ni vitu viwili tofauti, na sioni kwa nini kimoja kiwe juu. Ila Slade wa katuni yuko juu ya Deathstroke, hilo sibishani. Deathstroke ana sababu: mtoto wake alikufa kwenye kandarasi ya kuwaua Titans, naye akairithi. Slade hasemi anataka nini. Ni sauti ya Ron Perlman na jicho moja. Ile epizodi ya msimu wa tatu ambapo Robin anapigana naye usiku kucha, wenzake hawaoni mtu, majeraha yanatokea kweli mwilini, kumbe ni vumbi alilovuta kutoka kwenye maski ya Slade na adui yuko ndani ya kichwa chake. Hiyo imewekwa kwenye saa za watoto!

DogoKatindo

Mimi napenda Teen Titans Go! zaidi. Nimesema.

Kamalondo243

Toka nje.

MzeeWaHimbi

Dogo, mwanangu wa pili anasema kama wewe na anakula chakula changu. Waigizaji wa sauti ni wale wale watano, tangu 2013 wanapewa kazi ya kujidhihaki. Nikimwita aje kuona Raven wa kweli ananiuliza kwa nini haimbi.

DogoKatindo

Lakini mzee, vile vichwa vikubwa na miguu mifupi unavyovisifia kwenye posti yako ya kwanza, Go! ndiyo hivyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama sababu ni anime, basi Go! ina anime nyingi kuliko ile yako. Mbona hauipendi?

Ngazi_za_Kadutu

😂😂😂 Mtoto arudishwe! Nafuta posti ya kumfukuza.

MzeeWaHimbi

Pilipili ni tamu kwa sababu siyo chakula chote. Katika ile ya kwanza uso unavimba sekunde mbili, halafu unarudi, na Slade bado yuko dirishani. Ukivimba dakika zote hakuna pa kurudi.

MwanaLushi

Yaani sasa unasema ni kipimo. Wakati wa kuvimba na wakati wa kuacha. Nani anaamua huo wakati? Mwandishi. Karibu upande wangu.

RangiNaBurashi

Anayeamua ni mchora stori-bodi. Karibuni wote upande wangu.

MamaWawili_Goma

Nani ameelewa epizodi ya mwisho kabisa? Hiyo ndiyo niliyotaka kuuliza toka juzi. Sanamu ya Terra haipo tena pangoni, Beast Boy anamuona msichana wa shule mwenye sura ile ile, anamfuata siku nzima, naye anasema hamjui. Halafu basi, imekwisha, Januari 2006.

Kamalondo243

Amesahau. Jiwe limemfuta kumbukumbu.

MwanaLushi

Anakumbuka vizuri sana. Anajificha. Tazama anavyosema "mambo yanabadilika", hiyo ni sauti ya mtu anayefunga mlango kwa mkono wake. Na Slade, au roboti lake, anamwambia Beast Boy kitu hicho hicho: kama hakumbuki ni kwa sababu hataki.

Ngazi_za_Kadutu

Tangu lini Slade akawa shahidi wa kuaminika? Mi nasema siyo Terra. Ni msichana mwingine, anafanana. Beast Boy anamtesa binti wa watu na vitabu vyake vya shule.

MwalimuNguba

Na sanamu imeenda wapi basi?

Ngazi_za_Kadutu

Imeibwa. Jiwe zuri haliachwi porini, mwalimu, unaishi nchi gani?

MamaWawili_Goma

Mimi naona ni yeye na anakumbuka, na ana haki. Kuna watu waliohama Goma baada ya lava, ukikutana nao Kampala wanakwambia umenifananisha. Huwezi kumlazimisha mtu arudi kuwa yule uliyekuwa ukimpenda.

RangiNaBurashi

Mama, hapo umetuua.

DogoKatindo

Swali dogo. Nimeanza msimu wa tano kwa sababu yenu. Huyu sokwe mwenye bereti na bunduki anayesema Kiingereza cha Kifaransa ni nani?

MwalimuNguba

Monsieur Mallah. Mzee kuliko sisi sote: Brotherhood of Evil ilitokea kwenye bede ya Doom Patrol mwaka 1964, na Beast Boy mwenyewe alianzia humo humo 1965, ndiyo maana msimu wake unarudi kwa hao. Mallah ni gorila aliyechukuliwa Afrika na mwanasayansi wa Kifaransa, akasomeshwa mpaka akili yake ikafika kipimo cha 178. Mwanasayansi ndiye yule aliyebaki ubongo ndani ya mtungi, The Brain.

Ngazi_za_Kadutu

Gorila kutoka Afrika? Basi ni wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Ni mtu wa Bukavu. Nilijua kwa ile bereti.

MzeeWaHimbi

Wa Bukavu wapi! Tazama manyoya yalivyomjaa mabegani. Huyo ni gorila wa milimani, wa Virunga, jirani yangu. Wa Kahuzi-Biega wana manyoya mafupi.

Ngazi_za_Kadutu

Wa Kahuzi-Biega ni wakubwa kuliko gorila wote duniani, na Mallah analingana na Cyborg. Hesabu hiyo.

MzeeWaHimbi

Amekuzwa na mchoraji, si umesikia RangiNaBurashi anavyosema kuhusu vichwa?

MwanaLushi

Sisi Lubumbashi hatuna gorila, ila tuna sokwe wengi na Kifaransa chao kiko safi. Tupeni huyo Mallah tumsomeshe, Slade atakoma.

RangiNaBurashi

Kesho naweka picha ya kondakta wangu hapa. Adui yake bado sijapata, na sasa mumenipa wazo. Nipigieni kura tu: manyoya marefu au mafupi?